Begi Moja kwa Wawili

Kuna kununa kwa kupita, kama manyunyu ya asubuhi, na kuna kununa kunakohamia ndani ya nyumba, kukavua viatu na kuchagua kiti. Kununa kwa Bi Pasi na wifi yake kulikuwa kwa namna ya pili. Kulianza wiki ya msiba, nguo za marehemu zilipotoweka kabatini, na Jumamosi hii ya kufungasha mizigo ya safari kulikuwa bado kumeketi pale pale, kumekunja nne.

Jina la Bi Pasi alipewa kazini. Yeye na wifi yake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo kilichoko nyuma ya soko, kinachofua mashuka ya hoteli, taulo za hospitali na vitambaa vya meza vya kumbi za sherehe. Bi Pasi aliingia pale akiwa msichana mbichi, akawekwa kwenye pasi, na kabla hajaota hata mvi moja vidole vyake vilikuwa vimeshaacha kusikia moto. Alishika shuka linalotoka kwenye rola likifuka mvuke, huku wafanyakazi wapya wakiruka pembeni kwa kuliona tu. Watu walidhani ni ushujaa. Ilikuwa ganzi tu. Ukiunguzwa kila siku mahali pale pale, ngozi nayo inachoka kulalamika.

Wifi yake alikuwa upande wa pili wa shuka. Shuka la kitanda kipana halikunjwi na mtu mmoja, labda awe na mikono ya jini. Wanasimama wawili, kila mmoja na ncha zake mbili, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha wanatembea kukutana katikati. Hapo vidole vinagusana, mmoja anampokea mwenzake ncha zake, na kazi inaanza upya. Wawili hawa wamefanya hivyo tangu ujana. Na ni pale pale walipogeuka mawifi. Siku bomba la mvuke lilipopasuka, wifi huyu alimwita kaka yake, fundi bomba, aje kuliziba. Kaka akaja, akaziba. Kesho yake akarudi kuangalia kama limezibika. Keshokutwa akarudi tena, na wiki nzima akawa hakauki, mpaka msimamizi akauliza kama bomba lile lina homa.

Mashine za kiwandani zilinguruma kutwa, na mtu akitaka kusema neno ilimbidi apayuke hadi mishipa ya shingo imsimame. Kwa hiyo watu wa pale waliongea kwa mikono. Kidole juu, maji ya moto yamekwisha. Kiganja kifuani, nisubiri. Na iliyokuwa ikitumika kuliko zote ni hii: mtu akimaliza kukunja fungu lake la nguo, anapiga juu yake kwa kiganja mara mbili, pa pa, na mwenzake analibeba na kulipeleka kwenye toroli. Haulizi, haangalii hata uso. Mkono mmoja unapiga, mwingine unabeba, na akili za wote wawili ziko sokoni zinachagua nyanya.

Basi fundi bomba akafa. Aliugua muda mfupi, akaondoka kama mtu aliyetoka mara moja kununua misumari. Bi Pasi hakulia. Kwenye mazishi wapo waliosema ana roho ngumu, wapo waliosema amejikaza kisabuni. Hakujikaza chochote. Alikuwa amekufa ganzi tangu utosini hadi kwenye nyayo, akiona midomo ya watu inafunguka na kufungwa, asijue wanamwambia nini. Siku zile hazikumbuki ila vipande vipande: kikombe ambacho hakukinywea, miguu ya wageni, pazia la dirishani. Kitu pekee anachokikumbuka sawasawa ni kufungua kabati na kukuta hanga tupu. Mashati yote, suruali zote, hata ovaroli ya kazini iliyokuwa ikinuka gundi ya mabomba. Wifi yake alikuwa amevichukua na kuvigawa kwa vijana waliokuwa wakifanya kazi na marehemu, na kwa ndugu wa mbali wasio na nguo. Bila kuuliza.

Maneno hayo mawili, bila kuuliza, Bi Pasi aliyakunja vizuri akayaweka moyoni, na tangu hapo hakumsemesha tena wifi yake, hata salamu. Naye wifi, mwenye kiburi cha ukoo wao mzima, hakujitetea. Alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomkera Bi Pasi kuliko hata nguo zenyewe, maana mwizi akikamatwa angalau husema alikuwa anapita njia.

Mashuka, hata hivyo, hayakujua kama kuna ugomvi. Msimamizi alijaribu kuwatenganisha, akampa kila mmoja mwenzi mpya, na kwa wiki nzima hoteli zikaletewa mashuka yaliyokunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Akawarudisha pamoja. Ikawa kila siku ya kazi wanawake wawili wasiosemezana wanatembea kukutana katikati, vidole vinagusana, wanaachana, wanakutana tena. Wageni wa kiwanda waliwaona wakadhani ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Mwaka huu wakastaafu siku moja. Kampuni ya boti za mtoni, ambayo mashuka yake yalifuliwa pale tangu boti ya kwanza, ikawapa zawadi ya kuagana: chumba kimoja cha watu wawili, safari ya kuupanda mto kupita kwenye misitu hadi penye maporomoko, kisha kurudi. Wenzao wakapiga makofi na vigelegele. Bi Pasi alishukuru kama mtu anavyoshukuru sindano.

Angekataa. Aliyemzuia kukataa ni binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa mdomo wa mama yake na wa shangazi yake. Barua ya uhamisho ilikuwa imemfikia. Mwezi ujao anahamia shule ya mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

"Mama, mimi naondoka," alimwambia. "Hapa mjini una shangazi tu, na shangazi ana wewe tu. Siku mmoja wenu akianguka bafuni, mwenzake atamsemesha kupitia kwa nani? Nendeni huko mtoni. Mkirudi hamjasemezana, basi, nitajua mmeshazikana mkiwa hai."

Bi Pasi alilisikia hilo neno, akajua ni kweli, na kama kawaida yake halikumchoma. Ndicho kilichomtisha, kwa kiasi ambacho alikuwa bado anaweza kutishika. Alikuwa amesubiri ganzi itoke mwaka baada ya mwaka, na sasa alianza kuamini kwamba haitoki, kwamba atazeeka hivyo hivyo, anakula bila utamu na kulala bila usingizi, na binti yake ataondoka kwa basi yeye akipunga mkono kama anafukuza nzi.

Maelekezo ya safari aliyaleta mhudumu wa boti mwenyewe, siku alipokuja kuchukua mashuka, wiki yao ya mwisho kazini. Akasimama mlangoni pa kiwanda, akawapigia hotuba kwa sauti ya kushinda mashine. Nguo ziwe nyepesi, pana, za pamba, za mikono mirefu, maana jua la mtoni mchana halina huruma na mbu wa jioni hawana adabu. Rangi ziwe za kupauka. Nyeusi na bluu iliyokoza waziache nyumbani, kwa sababu kwenye ile misitu kuna mbung'o, na mbung'o wanazipenda rangi hizo kuliko pesa. Kofia pana, yenye kamba ya kidevuni, kwani kofia nyingi zimeshakuwa mali ya mamba. Viatu vya mpira visivyoteleza. Koti la mvua la kukunjika. Sweta, wasicheke, alfajiri juu ya maji kuna baridi. Na wasibebe kitu kizito, kwa sababu huko hewa yenyewe ni mvuke na kitu kikilowa leo kitakauka wakirudi kwao.

"Na kunyoosha pasi?" aliuliza mmoja wa wafuaji.

"Hakuna pasi. Mnavaa na mikunjo."

Kiwanda kizima kiliguna. Kuvaa na mikunjo, hiyo kwao ilikuwa sawa na kutembea uchi.

"Halafu jambo la mwisho, kina mama," mhudumu akamalizia. "Masanduku magumu hayaingii, uvungu wa vitanda ni mfupi. Begi laini. Begi moja kwa kila chumba."

Wanawake wawili, chumba kimoja, begi moja. Bi Pasi alitazama ukutani, na wifi yake naye akatazama ukuta wa upande wa pili.

Ndiyo maana Jumamosi hii asubuhi begi la kijani lilikuwa limelala wazi juu ya kitanda cha Bi Pasi, yeye ameketi upande wa kichwani, wifi yake ameketi miguuni, na binti amesimama katikati mikono kiunoni. Wifi alikuwa amekuja na nguo zake kwenye mfuko mkubwa, akabisha hodi, akaitikiwa na binti, akaingia kwa uangalifu wa mgeni katika nyumba ambayo zamani alikuwa akiingia akipiga kelele toka barabarani.

"Mwambie shangazi yako," Bi Pasi akaanza, "viatu hivyo vya visigino havipandi boti."

"Mwambie mama yako nimesikia, sina pamba masikioni. Na mwambie hivyo ni vya kuvaa wakati wa chakula cha jioni. Siwezi kwenda mezani na raba kama mlinzi."

"Mwambie jioni ndiyo mbu wanauma miguu. Avae raba na soksi."

"Mwambie..."

"Jamani!" binti akasema. "Mimi ni mwalimu, si redio. Viatu vya visigino vinabaki. Shangazi, leta raba."

Wifi akatoa raba, akaziweka kitandani kwa shingo upande. Zikafuata sketi ya pamba, suruali pana ya rangi ya mchanga, sweta, halafu taulo tatu zilizokunjwa hadi zikawa kama matofali.

"Mwambie taulo ziko huko huko," Bi Pasi akasema. "Na anajua ni safi, tumezifua wenyewe."

Wifi alitaka kucheka. Alipokumbuka wako wapi na wakoje, akalirudisha tabasamu lilikotoka. Bi Pasi aliliona. Zamani wangekuwa wameshajirusha kitandani kwa vicheko, kwamba wanakwenda kulala kama matajiri kwenye mashuka waliyoyakunja wenyewe, na kwamba wakikuta kona imekaa vibaya watajua wa kumlaumu. Aliliwaza hilo lote vizuri tu. Lilipita akilini likaenda zake, likiacha kila kitu kama kilivyokuwa.

"Zamu ya mama," binti akasema, akafungua kabati.

Akapitisha mkono kwenye hanga, moja baada ya nyingine.

"Mama. Nguo zote hizi ni nyeusi."

"Si zote. Ile ya pembeni bluu."

"Bluu iliyokoza! Mtu wa boti kasemaje? Mbung'o wakikuona watadhani umewaandalia karamu."

Bi Pasi alizitazama zile nguo kama za mtu mwingine. Hakuwa amekusudia. Hakuna aliyemwambia avae giza, wala yeye hakuweka nadhiri. Ni kwamba siku za msiba mkono wake ulikwenda upande huo wa kabati, ukazoea njia. Kila alipohitaji gauni jipya mkono ulichagua lile lile la jana. Za rangi zilipauka, zikambana, akazigawa. Sasa hakuwa na nguo hata moja ambayo mdudu asingeipenda.

"Waniume," akasema. "Huenda nitasikia kitu."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Binti akamwangalia, akageuka akaanza kupanga upya vitu vilivyokuwa tayari vimepangwa: tochi, dawa ya mbu, vidonge vya malaria, makoti ya mvua mawili yaliyokunjwa hadi yakatosha kiganjani. Upande wa miguuni, wifi alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea mpini wa mfuko wake.

"Nakwenda dukani," binti akasema mwishoni. "Kofia hazina kamba, na tunahitaji mifuko ya kuwekea nguo zilizolowa. Nitaangalia na blauzi ya rangi ya kupauka. Narudi sasa hivi. Msiuane."

Mlango ukafungwa. Redio wao alikuwa ameondoka.

Nje kuna mtu alikuwa akikokota ndoo juu ya saruji. Bi Pasi, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alivuta lile rundo la nguo za wifi yake akaanza kuzikunja upya. Alizikuta zimekunjwa vizuri, lakini alizikunjua akazikunja tena, na wifi hakumzuia. Sketi, suruali, sweta. Mhudumu wa boti alisema wataishi na mikunjo. Basi iwe mikunjo yenye heshima.

Hapo wifi akaingiza mkono kwenye mfuko wake hadi chini kabisa, akatoa kitu cha mwisho, akakiweka juu ya shuka kati yao. Kisha akairudisha mikono yake magotini.

Lilikuwa shati la kiume. La pamba, pana, la mikono mirefu, la rangi ya maziwa. Mtu wa boti mwenyewe asingelitia kasoro. Vifungo vyake vilikuwa vyeupe isipokuwa kimoja, cha tatu kutoka juu, ambacho kilikuwa cha kahawia. Hicho cha kahawia alikishona Bi Pasi, asubuhi moja mumewe akiwa na haraka ya kwenda kazini, baada ya kupekua kopo zima la vifungo na kukosa cheupe. Mumewe alisema hakuna atakayeona, watu wanamwita aangalie mabomba, hawamwiti aangaliwe yeye.

Bi Pasi alilitambua mara moja. Alisubiri. Alidhani sasa kitu kitakuja, kilio au hasira, au angalau mkono utatetemeka. Hakikuja kitu. Alilichukua shati, akalipeleka puani, na halikunuka mtu. Lilinuka sabuni, ile ile ya kiwandani. Ilionekana limekuwa likifuliwa kila mara, kwa sababu nguo nyeupe ikikaa kabatini bila kufuliwa hugeuka manjano, na hili halikuwa na alama hata ya njano. Akalaza kifua cha shati juu ya kitanda, akakunja mkono wa kulia, akakunja wa kushoto, akarudisha upindo juu, akalisawazisha kola. Mikunjo ile alikuwa ameifanya maelfu ya mara kwa mashati ya watu asiowajua. Akaliweka juu ya fungu, juu ya sweta ya wifi yake.

Kisha mkono wake ukapiga mara mbili. Pa pa.

Mikono ya wifi ikaondoka magotini. Ilikwenda yenyewe, vidole vimeshafunguka tayari kubeba, ikafika juu ya fungu. Na pale, imebakiza upana wa kiganja tu kuligusa shati, ikasimama.

"Nichukue?" wifi akauliza.

Hakusema mwambie mama yako. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Alimuuliza yeye, uso kwa uso, kwa sauti iliyokuwa imezeeka kidogo tangu mara ya mwisho alipoisikia ikimwelekea.

Bi Pasi aliitazama mikono ile iliyosimama hewani, na kipande kingine cha siku zile kikamjia, kimoja ambacho hakuwahi kuwa nacho. Kitanda hiki hiki. Pazia lile lile. Nguo zote za mumewe zimemwagwa juu ya godoro na yeye anazikunja, kwa kuwa mikono haikujua kufanya kitu kingine. Shati juu ya shati, suruali juu ya suruali, ovaroli juu ya vyote. Wifi yake ameketi pale miguuni, macho yamevimba kwa kumlilia kaka yake hadi hayaoni. Na fungu lilipokamilika, kiganja chake mwenyewe Bi Pasi kikalipiga mara mbili. Wifi akainuka akalibeba. Hakuuliza, kwa sababu tangu ujana wao hakuna siku yoyote aliyewahi kuuliza.

"Nilipiga," Bi Pasi akasema.

Wifi akainua macho.

"Siku ile. Zile nguo. Nilipiga mara mbili."

"Ulipiga," wifi akasema polepole.

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Wakati ule ule sikujua. Nilibeba tu, nikadhani umetaka zigawiwe. Nilipokuona umesimama mbele ya kabati tupu ndipo nikajua. Nikatoka mbio nikazirudishe, lakini zilikuwa zimeshagawanywa. Vijana wameshazivaa, wanalia nazo. Utamvua mtu shati la msiba?" Akaliangalia lile la maziwa. "Hili ndilo lililobaki. Nilikuwa nimeliweka pembeni nikupe ukitulia. Ukatulia, lakini hukutaka tena hata kunitazama."

"Miaka yote hii nimekuita mwizi. Mbele ya mtoto."

"Nimesikia. Sina pamba masikioni."

"Kwa nini hukusema?"

Wifi alivuta pumzi, akaonekana amechoka, mwanamke mzee mwenye mikono mikubwa ya kazi.

"Ningesema nini? Kwamba ulizitoa mwenyewe? Mtu amefiwa, hata kulia hawezi, halafu nimtwishe na hilo? Nikaona bora unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe. Mimi wifi, wifi kuchukiwa ni kazi yake."

Mtu aliyewahi kuukalia mguu hadi ukafa ganzi anajua ganzi inavyotoka. Huanza kwa kuchomachoma kidogo, ukadhani ni kitu cha kupita, halafu mguu mzima unawaka na huwezi kuukanyagia. Kwa Bi Pasi ilianzia vidoleni, kwenye ncha zile zilizoacha kusikia moto, ikapanda mikononi ikaingia kifuani. Ikauma. Iliuma kweli kweli, kuliko alivyokuwa akiikumbuka siku yoyote ya maisha yake, na hakuwa na mahali pa kujishika ila kitandani. Mumewe amekufa. Amekufa, na nguo zake ziko migongoni mwa watu, na aliyezitoa ni yeye. Sauti ikamtoka ambayo hakuijua kama ni yake.

Mikono ya wifi ilikuwa bado hewani, haijui irudi au ishuke.

"Usichukue," Bi Pasi akasema katikati ya kilio. "Wifi, usichukue. Bado."

"Sichukui."

"Siku ile ungeniuliza..."

"Ningekuuliza, usingenijibu."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Wifi akashusha mikono, hakuiweka juu ya fungu, aliiweka juu ya mikono ya mwenzake, vidole juu ya vidole, pale pale vilipokuwa vikikutana kila siku ya kazi. Wakalia wote wawili, mmoja kwa sauti, mwingine kimya, maana yeye cha kwake alikuwa ameshakilia peke yake zamani.

Ndivyo binti alivyowakuta. Aliingia na kamba za kofia zinaning'inia shingoni, mifuko mkononi na blauzi ya rangi ya yai kwapani, amejiandaa kwa lolote isipokuwa hilo. Akababaika. Hakujua amtazame nani, na mtu akibabaika hutafuta kazi ya kufanya. Akaona begi liko wazi na nguo zimeshakunjwa.

"Ah, mmemaliza," akasema haraka haraka. "Hili fungu ndilo linaingia? Ngoja niliweke." Akanyoosha mikono.

"Usiguse!" wakamkemea kwa pamoja.

Binti akairudisha mikono yake, akaketi sakafuni na kamba zake za kofia, akangoja aambiwe.